Kiti cha Meya wa Goma: Kura Iliyokwama Njiani

Mji wa Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umepata mameya wengi tangu ulipopewa hadhi ya mji mwaka 1988, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeingia ofisini kwa kura ya siri iliyopigwa kwa mujibu wa sheria. Wote waliwekwa: wengine kwa amri ya Rais aliyeko Kinshasa, wengine na makundi yaliyoushika mji kwa silaha, na tangu mwanzo wa mwaka 2025 serikali ya Kinshasa haimtambui meya aliyeko ofisini, kwa kuwa aliteuliwa na upande unaopigana nayo. Hata hivyo sheria ya nchi inataka meya achaguliwe, inaeleza kinaganaga namna ya kumchagua, na hatua ya kwanza ya safari hiyo wakazi wenyewe walikwisha kuipiga tarehe 20 Desemba 2023. Kuielewa safari hiyo, mahali ilipokwama, na yale yaliyoifika miji mingine iliyotangulia kupita njia kama hiyo, ni kuelewa kwamba ugomvi wa umeya huonekana siku ya kura, ilhali mizizi yake huwa imekwisha kuota zamani, katika orodha ya wapiga kura na katika mipaka ya madaraka ya kiti chenyewe.

Meya ni nani katika sheria ya Kongo

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inaitambua mikoa, inayoitwa majimbo, na chini yake inayatambua maeneo ya utawala yaliyogatuliwa, yaani maeneo yenye haki ya kujiendesha yenyewe kwa viongozi wake, bajeti yake na mali yake. Maeneo hayo ni ya aina nne: mji, komine, sekta na utawala wa kichifu. Sheria iliyofafanua mpangilio huo ilitolewa tarehe 7 Oktoba 2008, na ndiyo inayosema kwamba kila makao makuu ya jimbo ni mji, na kwamba makazi mengine yenye watu wasiopungua 100,000 na huduma za kutosha yanaweza kupewa hadhi hiyo kwa amri ya Waziri Mkuu. Kinshasa peke yake imewekwa kando, kwa kuwa ni mji na jimbo kwa pamoja, na kwa hiyo inaongozwa na gavana.

Mji wa Goma umegawanywa katika komine mbili, Goma na Karisimbi, na kila komine ina mkuu wake anayeitwa burugumestri. Chini ya komine ziko kata, ambazo wakazi huziita kartie, na zote zikijumlishwa ni 18: saba ziko katika komine ya Goma, kama vile Himbi, Katindo, Keshero na Les Volcans, na 11 ziko Karisimbi, zikiwemo Majengo, Katoyi, Ndosho na Mugunga. Kata ina shefu wake, nayo imegawanyika katika avenue, na chini kabisa hufika kwenye nyumba kumi. Meya anasimama juu ya ngazi hiyo yote, lakini anavaa kofia mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa sheria inamfanya kiongozi wa wakazi na papo hapo mwakilishi wa dola na wa jimbo katika mji wake. Kofia ya kwanza inamtaka asikilize watu. Ya pili inamtaka atii walio juu. Kwa kuwa tangu awali meya wa Goma amekuwa mtu wa kuteuliwa, kofia ya pili ndiyo iliyokaa kichwani siku zote.

Kazi ya meya si ya maneno. Taka za masokoni, mitaro ya maji ya mvua, stendi za mabasi na pikipiki, ushuru wa vibanda, vibali vya ujenzi, usafi wa Jumamosi unaojulikana kama salongo, na usalama wa mitaa, vyote humfikia mezani. Katika Goma kazi hizo zina ugumu wake wa pekee, kwa sababu mji umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, mto wa moto ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu kubwa ya biashara na kipande cha uwanja wa ndege; ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, mto huo ulisimama ukingoni mwa mji, upande wa Buhene. Katika ardhi ya namna hiyo, kuchimba shimo la choo au kulaza bomba la maji ni kupasua mwamba mweusi kwa nyundo na mtaimbo, na ndiyo maana maelfu ya familia zinazoishi kilomita chache tu kutoka Ziwa Kivu bado zinapanga bidoni za njano kwenye foleni, au zinanunua maji yaliyobebwa kwa pikipiki na kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo ni alama ya mji. Vuguvugu la vijana la LUCHA lilizaliwa Goma mwaka 2012, na madai ya maji safi yalikuwa miongoni mwa madai yake ya mwanzo. Mtu wa Goma anapouliza nani anamchagua meya, kwa hiyo, anauliza pia ni nani anayeweza kumwajibisha mtu kwa ajili ya bomba lisilotoa maji.

Kura yenye ngazi tatu

Katika Kongo mkazi hampigii meya kura ya moja kwa moja. Sheria imeweka uchaguzi wa ngazi, ambapo mwananchi anamchagua mtu wa kumchagulia. Katika ngazi ya kwanza wakazi wa kila komine wanachagua madiwani wa komine. Katika ngazi ya pili madiwani hao wa komine wanachagua madiwani wa mji, ambao ndio wanaounda baraza la mji, yaani bunge dogo linalopitisha bajeti na kanuni za mji mzima. Katika ngazi ya tatu baraza hilo linamchagua meya na naibu wake, na meya anaunda kamati tendaji ya mji pamoja na wasaidizi wake wanaogawana idara. Baraza lililomchagua linaweza pia kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani. Malalamiko kuhusu uchaguzi wa ngazi hizi hupelekwa katika mahakama za kiutawala, tofauti na yale ya urais na ubunge wa taifa yanayoamuliwa na Mahakama ya Katiba.

Utaratibu huu una faida yake, kwa kuwa gharama za kampeni za mji mzima zinaepukwa na meya anatarajiwa kuelewana na baraza tangu siku ya kwanza. Una pia udhaifu ambao hauhitaji mwanasheria kuuona. Kadiri ngazi zinavyopanda ndivyo idadi ya wapiga kura inavyopungua, hadi kufikia watu wanaoweza kukaa katika ukumbi mmoja. Na pale ambapo wapiga kura wanatosha ukumbini, kura moja ina thamani kubwa mno, bei yake inaweza kuulizwa, na mtu mmoja akiongezwa au akiondolewa katika orodha mshindi anabadilika. Ugomvi wa uchaguzi wa namna hii kwa hiyo huanzia mlangoni mwa ukumbi, kwa swali la nani aingie, kabla karatasi ya kwanza haijatumbukizwa sandukuni.

Desemba 2023: hatua ya kwanza

Kwa miaka 17 baada ya Katiba kupitishwa, uchaguzi wa komine uliahirishwa mara kwa mara. Nchi ilipiga kura za rais na wabunge mwaka 2006, 2011 na 2018, lakini ngazi ya chini kabisa, ile iliyo karibu zaidi na mlango wa mwananchi, ilibaki ikiongozwa na watu walioteuliwa. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CENI na iliyokuwa ikiongozwa na Denis Kadima, iliiingiza hatimaye katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, ingawa kwa makao makuu ya majimbo tu. Goma, ikiwa makao makuu, ilikuwa ndani.

Mpiga kura wa Goma siku hiyo alikuwa na chaguzi nne za kufanya kwa mpigo: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na diwani wa komine. Alipewa karatasi, akaiingiza katika mashine yenye skrini ya kugusa, akatafuta namba au picha ya mgombea wake kati ya wagombea wengi, akathibitisha, kisha mashine ikamrudishia karatasi iliyochapwa chaguo lake ili aikunje na kuitumbukiza sandukuni. Mahali pengi nchini vifaa vilichelewa, mashine zikakataa kuwaka, na upigaji kura ukaendelea zaidi ya siku iliyopangwa. Tarehe 5 Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 wa ubunge na udiwani katika sehemu mbalimbali za nchi kwa tuhuma za udanganyifu na matumizi ya nguvu, zikiwemo tuhuma za kumiliki mashine za kura kinyume cha sheria, na ikabatilisha uchaguzi wa ubunge katika maeneo ya Masi-Manimba na Yakoma.

Kwa Kivu Kaskazini kulikuwa na pengo lingine. Wilaya za Rutshuru na Masisi, zinazopakana na mazingira ya Goma, hazikupiga kura kwa sababu ya vita kati ya jeshi la serikali na waasi wa M23. Maelfu kwa maelfu ya wakazi wake walikuwa wamekwisha kukimbilia kambi za Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyinginezo zilizouzunguka mji. Walikuwa wakiishi kwenye kizingiti cha Goma, wakinunua katika masoko yake na kuzika wafu wao katika ardhi yake, lakini udiwani wa Goma haukuwa wao.

Baada ya matokeo ya madiwani wa komine, zilisubiriwa ngazi ya pili na ya tatu. Mwezi Aprili 2024 majimbo mengi ya Kongo yalichagua magavana kupitia mabunge yao, lakini Kivu Kaskazini na Ituri hayakuwemo, kwa sababu majimbo hayo mawili yalikuwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Utawala huo ni ule ambao Katiba inamruhusu Rais kuutangaza taifa linapokabiliwa na hatari kubwa, na ambao katika majimbo haya uliwapa wanajeshi na polisi madaraka ya viongozi wa kiraia. Gavana akawa jenerali, na meya wa Goma akawa afisa wa polisi: kwanza François Kabeya Makosa, baadaye Faustin Kapend Kamand. Diwani aliyechaguliwa na watu wa Katoyi au Himbi alibaki na ushindi usio na ukumbi wa kwenda, kwa kuwa kiti ambacho kura yake ingesaidia kukijaza kilikuwa kimekaliwa kwa amri nyingine.

Mji chini ya wateuzi wawili

Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23, walio sehemu ya muungano wa AFC unaoongozwa na Corneille Nangaa, waliingia Goma. Nangaa mwenyewe ni mtu mwenye historia katika jambo hili, kwani ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa CENI wakati wa uchaguzi wa mwaka 2018. Gavana wa kijeshi, Jenerali Peter Cirimwami, alikufa kwa majeraha ya vita siku hizo hizo. Serikali ya Kinshasa ilimteua Evariste Somo Kakule kuwa gavana, naye akafanya kazi kutoka Beni, kaskazini mwa jimbo. Muungano wa AFC na M23 nao ulimteua gavana wake, Joseph Bahati Musanga, na meya wake wa Goma, Julien Katembo Ndalieni. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2773, lililoitaka M23 iondoke katika maeneo iliyoyateka na kuvunja tawala sambamba ilizoziweka.

Kwa mwenye duka la Birere au muuza samaki wa Kituku, mvutano huo si wa nadharia. Hati ya kiwanja iliyogongwa mhuri mwaka huu itatambuliwa na ofisi gani kesho? Ushuru uliolipwa kwa upande mmoja utahesabiwa na upande wa pili kuwa umelipwa? Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitakubaliwa shuleni, na baadaye kwenye pasipoti? Mahali ambapo meya amechaguliwa, maswali haya yana jibu la jumla, kwa kuwa uhalali wa mhuri unatoka kwa watu, na watu hawahami na serikali. Mahali ambapo meya ameteuliwa, uhalali wa mhuri una umri sawa na wa mteuzi wake.

Goma haikuliona jambo hili kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Kati ya mwaka 1998 na 2003 mji huu ulikuwa makao makuu ya waasi wa RCD, ambao waliendesha jimbo kwa watu wao. Kabla yao, vikosi vya AFDL vya Laurent-Désiré Kabila vilipokuwa vikisonga mbele mwaka 1996 na 1997, katika baadhi ya miji waliwakusanya watu hadharani na kuwataka wachague viongozi kwa kuinua mikono. Mkono ulioinuliwa mbele ya askari mwenye bunduki unaweza kuhesabiwa, lakini hauwezi kuitwa kura, kwa maana kura ni siri au si kitu.

Lubumbashi, 1957: kura iliyofungua maswali

Historia ya Kongo ina mfano mmoja wa zamani unaostahili kukumbukwa kila linapotajwa jambo la kuchagua viongozi wa mji mashariki mwa nchi. Tarehe 26 Machi 1957 utawala wa Ubelgiji ulitoa amri kuhusu hadhi ya miji, na Desemba ya mwaka huo Waafrika wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, yaani Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo, walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua viongozi wa komine zao. Waliopiga kura walikuwa wanaume watu wazima tu, na juu ya maburugumestri wote alisimama Mbelgiji aliyeteuliwa. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka. Joseph Kasa-Vubu, alipoapishwa kuwa burugumestri wa komine ya Dendale mwezi Aprili 1958, alitumia hotuba yake kudai uchaguzi mkuu na utawala wa ndani, akaonywa na wakoloni, na miaka miwili baadaye akawa Rais wa kwanza wa Kongo.

Élisabethville, mji wa migodi uliokuwa tayari ukizungumza Kiswahili, ulipata somo tofauti. Viti vya uburugumestri katika komine za Waafrika vilichukuliwa na watu wenye asili ya nje ya Katanga, wengi wao kutoka Kasai, ambao walikuwa wameletwa au walikuja wenyewe kwa kazi za migodi na reli. Hesabu ilikuwa sahihi, wala hapakuwa na karatasi zilizoibwa. Lakini waliojihesabu kuwa wenyeji waliona kwamba kura imewafanya wageni kuwa wenye nyumba. Mwezi Oktoba 1958 kikaundwa chama cha Conakat, ambacho Godefroid Munongo na Moïse Tshombe walikiongoza, na ambacho kilisimamia madai ya wenyeji wa Katanga hadi kufikia tangazo la kujitenga la tarehe 11 Julai 1960. Uchaguzi wa komine haukuzaa peke yake mambo hayo yote, lakini ulionyesha kwamba kura inayopigwa kabla watu hawajakubaliana nani ni mwenyeji inaweza kushindwa ingawa imehesabiwa vizuri.

Goma ina swali hilo hilo kwa sura yake. Mji unakaliwa na Wahutu, Watutsi, Wanande, Wahunde, Wakumu, Washi na wengine wengi, na mara nyingi nafasi za mji na za jimbo zimegawanywa kwa kutazama jina la ukoo kabla ya kutazama kazi ya mtu. Sensa ya mwisho ya taifa ilifanyika mwaka 1984, kabla Goma haijawa hata mji, na leo makadirio ya wakazi yanazidi milioni moja kwa tofauti kubwa kati ya kadirio na kadirio. Mpaka wa kaskazini nao una utata: nyumba za Goma zinaendelea bila kukatika hadi Buhene na Kanyaruchinya, lakini maeneo hayo kisheria ni ya wilaya ya Nyiragongo, chini ya utawala wa kichifu wa Bukumu. Mtu anayelala Buhene na kufanya kazi Birere ni mkazi wa Goma kwa miguu yake, ila si mkazi kwa kadi yake.

Mafunzo ya Arusha, Dar es Salaam na Kampala

Tanzania, ambako meya pia huchaguliwa na madiwani, imeonyesha mara mbili jinsi swali la nani aingie ukumbini linavyoweza kuvuruga mji. Katika Arusha, uchaguzi wa meya wa Desemba 2010 ulifanyika wakati chama tawala cha CCM na chama cha upinzani cha Chadema vikiwa vimekaribiana kwa idadi ya wajumbe. Ubishi ulihusu haki ya mbunge wa viti maalumu wa Tanga kuhesabiwa mjumbe wa halmashauri ya Arusha. Gaudence Lyimo wa CCM alitangazwa meya bila Chadema kukubali, na tarehe 5 Januari 2011 maandamano ya kupinga matokeo yaligeuka mapambano na polisi, ambamo watu watatu walipoteza maisha. Kura zilizobishaniwa zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Gharama yake haikuwa hivyo.

Dar es Salaam ilifuata baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015, ambapo vyama vya upinzani vilipata madiwani wengi zaidi jijini. Uchaguzi wa meya wa jiji uliahirishwa mara kadhaa kwa sababu za orodha ya wajumbe na za zuio la mahakama, na tarehe 27 Februari 2016 kikao cha ukumbi wa Karimjee kiliishia kwa vurugu. Hatimaye, tarehe 22 Machi 2016, Isaya Mwita wa Chadema alichaguliwa kwa kura 84 dhidi ya 67 za mgombea wa CCM. Mwaka 2020 aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani ambayo wafuasi wake walibishia akidi yake, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Na Februari 2021 Rais John Magufuli alilivunja jiji lenyewe na hadhi hiyo ikapewa Ilala. Kiti kilichogombaniwa kwa miezi mitano kilifutwa kwa tamko moja.

Kampala ni mfano wa ugomvi wa namna nyingine, kwa kuwa meya wake huchaguliwa na wakazi moja kwa moja. Uchaguzi wa Februari 2011 ulifutwa baada ya kugunduliwa masanduku yaliyojazwa kura kabla ya wakati, ukarudiwa Machi, na Erias Lukwago akashinda. Sheria mpya ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kuyahamisha madaraka makubwa ya jiji kwenda kwa mkurugenzi mtendaji aliyeteuliwa na Rais, na kwa hiyo Lukwago alipata kiti lakini hakupata funguo za kabati. Novemba 2013 madiwani walimwondoa, kesi zikafunguliwa, na wapiga kura wakamrudisha mwaka 2016. Wakazi walikuwa wamemchagua mtu. Madaraka yalikuwa kwingine.

Miji hii mitatu ikiwekwa kando ya Goma, inaonekana kwamba sheria ya Kongo imebeba hatari za aina zote mbili. Imechukua uchaguzi wa ukumbini wa Arusha na Dar es Salaam, tena kwa ngazi moja zaidi. Imechukua pia uwezekano wa Kampala, kwa kuwa gavana wa jimbo ana mamlaka ya kusimamia na kukagua maamuzi ya mji, na kwa kuwa fedha za meya zinategemea mikono ya walio juu yake. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yaende kwa majimbo, na sheria ya ugatuzi inasema asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo iende kwa miji, komine, sekta na tawala za kichifu. Lakini malalamiko kwamba fedha hizo hazifiki, au zinafika pungufu, ni ya zamani na ni ya nchi nzima. Meya aliyechaguliwa kwa kura safi, akakosa fedha za lori la taka, atalaumiwa na wakazi kana kwamba ameiba.

Nini kitangulie

Wapo wanaosema kwamba mji ulioko vitani hauwezi kuchagua meya, na kwa sasa maneno yao yana uzito, maana kura ya siri inahitaji mtu asiyeogopa kutoka nyumbani. Lakini amani ikirudi bila maandalizi, uchaguzi wa meya wa Goma utakutana na maswali yaleyale yaliyoiumiza miji mingine, na utakutana nayo watu wakiwa na majeraha mapya. Orodha ya wapiga kura inapaswa kuandikwa upya ikiwahesabu waliokimbia mji na waliokimbilia mjini, na kusema wazi kila mmoja anapiga kura wapi. Mpaka kati ya mji na Nyiragongo unapaswa kuchorwa kabla ya kampeni, si baada ya matokeo. Orodha ya madiwani wenye haki ya kumchagua meya inapaswa kubandikwa ukutani mapema kiasi cha kutosha ili mwenye pingamizi aende mahakamani akiwa na karatasi mkononi, asije akaenda barabarani akiwa na jiwe. Na madaraka ya meya juu ya fedha za mji yanapaswa kujulikana kabla hajaapa, ili wapiga kura wajue wanamtuma mtu kufanya kazi gani na kwa mfuko upi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji Katiba mpya. Sheria ya mwaka 2008 ingali ipo, ngazi zake ni tatu, na wakazi wa komine za Goma na Karisimbi walikwisha kupanda ya kwanza kwa kidole gumba chao kwenye skrini tarehe 20 Desemba 2023. Zilizobaki ni mbili.